Kesi ya Laikipia iliyoishia mlangoni

Mei 1913, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwaambia Wamaasai kwamba wao ni taifa la kigeni. Serikali iliyowatoza kodi ya vibanda na kuwapangia pa kuishi ndiyo iliyosimama mbele ya jaji kudai kwamba watu hao si raia wa Mfalme wa Uingereza.

Chanzo ni mkataba wa 1904. Walowezi walitaka malisho ya Bonde la Ufa, kando ya reli. Laibon (kiongozi wa kidini) Olonana na wazee wenzake wakatia alama zao: baadhi ya Wamaasai wahamie Laikipia, wengine kusini ya reli, na ardhi hizo ziwe zao maadamu Wamaasai wapo duniani. Waliahidiwa pia njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha sehemu hizo mbili, na maili tano za mraba kule Kinangop kwa ajili ya jando. Ni ahadi ya watu waliofikiria wajukuu wao.

Ilidumu miaka saba tu. Mkataba wa 1911 uliwataka waiache Laikipia na kuhamia kusini. Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwita Legalishu, alitia alama yake humo, kisha akawa kinara wa kuupinga. Msafara wa kwanza ulikwama Mau kwenye mvua na baridi, mifugo ikafa, serikali ikausimamisha. Mwaka uliofuata watu wakaswagwa tena.

Ndipo Wamaasai walipomwajiri wakili Mwingereza, Alexander Morrison. Madai yalikuwa wazi: waliotia alama 1911 hawakuwa na idhini ya kuwafunga wenzao, kwa hiyo Laikipia bado ni yao, nao walipwe fidia ya mifugo.

Swali la nani mwenye Laikipia halikufika hata kwenye ushahidi. Mahakama ilisema mikataba ile ni ya mataifa mawili, na mambo ya mataifa hayaamuliwi na jaji. Desemba 1913 rufaa nayo ikatupwa. Kwangu hilo linauma kuliko kushindwa kesi: mtu aliyeshindwa angalau amesikilizwa.

Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi, na huko Laikipia wafugaji wakaingiza ng'ombe wao kwenye mashamba makubwa. Polisi wakawatoa kwa risasi, na mzee mmoja akauawa.