Barabara ya Stevenson: njia isiyokamilika iliyochora mpaka wa Tunduma

Dereva anayekesha kwenye foleni ya malori Tunduma huenda hajui kuwa mkataba uliochora mpaka huu uliagiza mizigo ya pande zote mbili ipite bila ushuru wa njiani. Waingereza na Wajerumani waliutia saini Julai 1, 1890, na huku kwetu kilichogombewa kilikuwa barabara.

Ilianza mwaka 1881. James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alijitolea kugharimia njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 300 za milima na mapori. Ingetoka Karonga, ipite jirani na ilipo Nakonde ya leo, ishukie ufukweni Tanganyika. Mhandisi James Stewart alifariki mwaka 1883. McEwan aliyempokea kazi naye akafa 1885. Kikachongwa kipande cha upande wa Nyasa tu. Kwingine wapagazi waliendelea na vijia vyao vya zamani. Ni wao waliovusha meli ya wamisionari iitwayo Good News, iliyofunguliwa vipande vipande, ikaundwa upya na kuingia majini Tanganyika mwaka huohuo wa 1885.

Kama barabara, ulikuwa mradi ulioshindwa. Kama hoja mezani, ulifaulu kupita kiasi. Mpaka ulifuata Mto Songwe, ule ulioupa jina mkoa wetu mwaka 2016, kisha ukakata nchi kavu hadi mdomo wa Mto Kalambo, ili njia ya Stevenson ibaki kwa Waingereza. Miaka 28 baadaye, Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck na askari wake walivuka mstari huohuo wakielekea Kasama, kabla ya kusalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25.

Anayetaka kuona mabaki ya enzi hizo ashuke hadi Mpulungu, ufukweni Tanganyika upande wa Zambia. Kutoka bandarini, ukifuata ufuko wa ziwa kwa miguu, unafika Niamkolo: magofu ya kanisa la London Missionary Society lililojengwa miaka ya 1890. Mnara na kuta nene za mawe zimesimama, paa halipo. Malale ndiyo yaliyowahamisha wamisionari mwaka 1908. Ni matembezi ya siku moja, na ziwa halikutoki machoni.

Zambia wameyatunza magofu yao. Halmashauri ya Mji wa Tunduma nayo isimike basi kibao pale mpakani, kieleze kwa Kiswahili ni kwa nini mstari ulipita hapa.