Wi-Fi ya fleti za Fedha: vipi kuunganisha simu yako

Mimi nakaa Fedha, Embakasi. Wazee wa Mombasa na Lamu wakija kutembelea wana wao huku, swali la kwanza baada ya salamu huwa hili: naunganisha vipi simu yangu na mtandao wa nyumba? Haya basi.

Ingia Mipangilio, gusa Wi-Fi, iwashe. Majina yatajipanga mengi, kwani maghorofa ya Fedha yamebanana na karibu kila mlango una ruta yake. Usibahatishe. Jina la mtandao na neno la siri la mwanzo huwa yamebandikwa chini au nyuma ya ruta. Herufi kubwa si sawa na ndogo, na sifuri si O. Hapo ndipo wengi hukwama wakailaumu simu. Mwenyeji akiwa na simu ya Android 10 au zaidi, atakuonyesha msimbo wa QR, uelekeze kamera uingie bila kuandika kitu.

Ukiona majina mawili yanayofanana, moja lina 5G mwishoni, hiyo si 5G ya kampuni za simu. Ni masafa ya gigahezi 5: yana kasi, lakini kuta huyashinda. Yale ya 2.4 hufika mbali, ila ndiyo yenye msongamano, kwani humo mna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Sasa hebu fikiria ruta za jengo zima zikigombania njia tatu! Ndiyo maana saa mbili usiku mtandao hukokota na bili imelipwa. Ukiwa karibu na ruta chukua 5, ukiwa chumba cha nyuma chukua 2.4. (Kule Mji wa Kale tabu ni nyengine: kuta za mawe ya matumbawe ni nene, mawimbi hufia humo.)

Pasipo ruta, simu moja huigawia nyengine bando kwa hotspot. Tahadhari: simu inayopokea huenda ikadhani iko kwenye Wi-Fi isiyo na kipimo, ikaanza kupakua masasisho na kupandisha picha zote. Bando la wiki likaisha kabla ya Isha. Gusa jina la mtandao huo, uiambie simu kuwa una kipimo.

Neno la siri la kwenye kibandiko libadilishe, na ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Vijana wa fleti huona mzaha kuvunja neno la siri la jirani. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 haioni mzaha: kuingia bila idhini kwa kuvunja ulinzi ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Mie naona kumuomba jirani ni rahisi zaidi.

Simu ikiungana lakini intaneti haipo, zima ruta nusu dakika, uiwashe. Ikiwaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, kasoro iko kwenye waya unaoingia nyumbani. Mpigie mtoa huduma.