Nyumba za Friends wa Kaimosi

Tarehe 17 Agosti, 1902, Wamarekani watatu wa madhehebu ya Friends, ambao wengi huwaita Quaker, walitua mizigo yao Kaimosi, katika nchi ya Watiriki, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, mahali ambapo kwa muda mrefu palihesabiwa kuwa pa wilaya ya Kakamega na leo pamo katika kaunti ya Vihiga. Majina yao yalikuwa Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu Desemba iliyotangulia, na nchi ile yote, iliyokuwa sehemu ya Uganda, ilikuwa imehamishiwa chini ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki tangu Aprili. Kwa hiyo wageni wale walifika wakati ambapo mwenyeji hajapata kujua barabara ni dola gani inayomtawala, seuze dini gani inayomjia.

Taarikh ya misheni hiyo aghalabu husimuliwa kwa majina ya hao watatu, nami sioni vibaya wakitajwa kwa heshima. Lakini Hotchkiss hakukaa sana, alikwenda zake kuanzisha misheni nyingine kwa Wakipsigis huko Lumbwa, na kilichotia mizizi Kaimosi, kwa rai yangu, hakikutokana na safari yao bali na nyumba zilizojengwa baadaye, ambamo mume na mke walikaa pamoja miaka na miaka, majirani wakiona kinachopikwa, kinachofuliwa, na jinsi wenye nyumba wanavyosemezana.

Misheni ile tangu mwanzo ilijiita ya kazi za mikono, kwa kuwa waliowatuma waliamini kwamba aliyeongoka hana budi kufundishwa pia namna ya kuchuma riziki yake. Maji ya mto yaliyoporomoka kwenye miamba yakatiwa kazi ya kuendesha msumeno, na magogo ya msituni, yaliyokokotwa na maksai kwenye njia za tope (maana mvua ya Kakamega haina mchezo), yakapasuliwa kuwa mbao za milango, madawati na mihimili. Vijana walifika kutafuta ujira, wakapewa shoka asubuhi na kitabu cha kusomea baada ya kazi, na wengi wao walijua kushika randa kabla ya kujua kushika kalamu. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa pale pale. Mtu akiingia leo katika majengo ya zamani ya Kaimosi, anaingia katika kazi ya mikono ya Watiriki, Wamaragoli na Waisukha, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Ndipo wakaja wake. Adelaide Hole aliwasili mwaka 1903, Deborah Rees akafuata na mumewe Emory mwaka 1904, na Edna, mkewe Chilson, mwaka 1907. Hawa hawakuwa wageni wa waume zao. Walikuwa wafanyakazi kamili wa misheni, ingawa barua zilizopelekwa Marekani ziliwataja mwishoni. Mke wa misheni aliamka kusimamia jiko, akauguza waliokuja na vidonda na homa, akafundisha herufi barazani, kisha jioni akawaketisha wasichana kuwaonyesha mshono. Wasichana hao walipatikana kwa shida kubwa, kwa sababu baba aliyemtoa binti yake shambani alipoteza mikono ya kulimia wimbi, tena alichelea kwamba binti akizoea mambo ya misheni atamkataa mume aliyechaguliwa, na ng'ombe wa mahari wasifike zizini. Hofu hiyo haikuwa ya ujinga; ilikuwa hesabu ya mtu anayejua mali yake imewekwa wapi.

Lakini wote hao wasingefika mbali peke yao. Miongoni mwa waongofu wa mwanzo alikuwamo Daudi Lung'aho, na mkewe Maria Maraga, na hapo ndipo nyumba ya misheni ilipopata jirani yake wa kweli, yaani nyumba ya Mwafrika yenye ada mpya, iliyosimamishwa mbele ya macho ya jamaa na wazee. Desturi ya Waluhya, yaani Watiriki na jamaa zao, ilimkataza mwanamke kula kuku, na nyama ile ilikuwa ya wanaume na wageni wao. Wanawake wa kwanza wa Kikristo walipokula kuku hadharani, mshtuko wake ulipita ule wa mahubiri mengi, kwani hotuba mtu huweza kuisahau, lakini mkono wa mwanamke uliotoka chunguni na paja la kuku hausahauliki. Mimi naliona tendo hilo kuwa la ujasiri kuliko safari yoyote ya kuvuka bahari, maana mgeni akishindwa hurudi kwao, lakini Maria na wenzake hawakuwa na kwao pengine.

Akina Rees walihamia Vihiga, katika nchi ya Wamaragoli, mwaka 1906, wakakaa huko hadi miaka ya ishirini. Emory alikuwa amefanya kazi Afrika Kusini kabla ya hapo, na ujuzi wake wa lugha ya Kizulu ulimsaidia kukitambua Kilogooli, lugha ya Wamaragoli na ndugu wa mbali wa Kizulu. Pamoja na Joel Litu, mwenyeji aliyeketi naye juu ya kila aya, alilifasiri Agano Jipya. Biblia nzima ya Kilogooli ilitoka mwaka 1951. Kazi hiyo ilikuwa tukufu, ila iliacha manung'uniko, kwani Wabukusu na wengine waliojiunga na Friends walilazimika kusoma neno la Mungu kwa lahaja ya jirani.

Gharama ya maisha hayo haikuwa ndogo. Homa ya malaria haikubagua mkubwa wala mtoto, na watoto wa wamisionari wa Kenya, wakifika umri wa shule, wengi walipelekwa bwenini mbali na wazazi, kama kule Kijabe, ambako shule yao ilifunguliwa mwaka 1906. Nao wazazi hawakuwa malaika. Mwaka 1927, baada ya mahubiri ya Arthur Chilson mwenyewe juu ya Roho Mtakatifu, waumini wa Kaimosi walianza kusali kwa kilio na kunena kwa lugha. Misheni ikaogopa, ikapiga marufuku, na waliokataa kunyamaza wakaja kuunda makanisa yao ya Roho, ambayo yangali hai. Hapo naona misheni ilikosea: ilikuwa imewafundisha watu kumngojea Roho, kisha ikataka kuwapangia namna ya kumpokea. Akina Chilson waliondoka Kenya. Mwaka 1934 walianza upya Burundi, huko Kibimba, pamoja na binti yao, na Arthur akafia huko mwaka 1939. Edna aliishi kuandika kitabu cha maisha ya mumewe, kilichotoka mwaka 1943.

Mwaka 1946 Friends wa Kenya walipata mkutano wao wa mwaka, yaani baraza kuu la kanisa lao, wenye madaraka ya kujitegemea, na baadaye ofisi yake kuu ilishikwa na Thomas Lung'aho, mwana wa Daudi na Maria. Leo hakuna nchi duniani yenye Friends wengi kuliko Kenya.