Kilosa na Mikumi: Historia Fupi ya Kuonyesha na Kuonyeshwa

Yatajwapo maonyesho ya sanaa, wengi wetu huwaza jengo kubwa la mjini, makabati ya kioo, na mlinzi aliyesimama mlangoni. Si wengi wanaowaza Kilosa, wala Mikumi. Kwa msafiri, Kilosa ni mji wa reli na mashamba ya mkonge, na Mikumi ni mbuga ya wanyama. Hata hivyo, watu wa sehemu hizi walikuwa na maonyesho yao kabla jumba lo lote la makumbusho halijajengwa katika nchi yetu. Katika makala haya tutatazama jinsi walivyoonyesha wenyewe, jinsi walivyoonyeshwa na wengine, na ni nini kilichopotea katikati.

Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ndio wenyeji wa Kilosa, pamoja na jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo kukua kwa msichana hakukuwa jambo la nyumba moja tu. Ukoo mzima ulikuwa unatazama mbele yake. Mwari aliwekwa ndani, akafundishwa na wanawake wazima, na siku ya kutolewa nje ilikuwa sikukuu. Hapo watu walikusanyika kutazama: mwili uliopakwa mafuta, shanga, ususi wa nywele, hatua za ngoma. Hilo lilikuwa onyesho kamili, lenye watazamaji wake, wakati wake na maana yake.

Katika ukanda huu wa kutoka pwani hadi milima ya Usagara ndipo inapojulikana sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Imevuma zaidi kwa Wazaramo, Wakwere na Waluguru. Ni kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa cha ususi uliogawanyika sehemu mbili. Mwari alikabidhiwa sanamu hiyo aitunze kama mtoto, aipake mafuta na kuivisha shanga. Umbo lake hilo hilo lilichongwa pia katika bakora za wakubwa na viti vya heshima. Vile vile, katika unyago wa makabila kadhaa ya mashariki na kaskazini-mashariki ya nchi, vilifinyangwa vinyago vya udongo. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na fumbo lake, na mafunzo yalipokwisha vilivunjwa au kutupwa. Tuzingatie jambo hili, maana ndilo shina la hoja yetu: katika mila hii, kuonyesha na kuficha vilikwenda pamoja. Kitu kilitolewa kwa wakati wake, mbele ya watu wanaostahili, kisha kikarudishwa. Aliyekiona alikuwa amefundishwa kukiona.

Utaratibu wa namna nyingine ulianza kuingia mwaka 1884. Mnamo Novemba mwaka huo Mjerumani Carl Peters alifika Usagara akiwa na karatasi zilizoandikwa kwa lugha ambayo wenyeji hawakuijua. Tarehe 29 Novemba, Mangungo wa Msovero, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kilosa, alitia alama yake katika mojawapo ya karatasi hizo. Peters alirudi Berlin na mikataba yake, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya kumalizika kwa Mkutano wa Berlin, serikali ya Mfalme wa Ujerumani ilitoa hati ya kuzilinda sehemu hizo. Tunaweza kusema kwamba kitu cha kwanza kutoka Kilosa kuonyeshwa Berlin hakikuwa kinyago wala kiti. Kilikuwa alama ya mtu mmoja juu ya karatasi. Tena, kilionyeshwa kwa watu wasiomjua aliyeiweka, nao wakaisoma walivyotaka. Hadi leo jina la Mangungo hutajwa kwa kejeli kila mkataba mbaya unapozungumzwa. Ni haki mwanafunzi ajiulize: je, anayestahili lawama ni yule asiyeweza kusoma karatasi, au ni yule aliyeileta akijua kwamba haitasomwa?

Baada ya karatasi vilifuata vitu. Askari, watawala, wamisionari na wafanya biashara walikusanya ngao, mikuki, ngoma, viti na sanamu kutoka pande zote za koloni. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilitwaliwa kwa nguvu, hasa wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maelfu ya vitu hivyo yamo katika makumbusho ya Berlin. Mara nyingi kikaratasi cha maelezo kilimtaja aliyekileta kitu, kikataja na kabila, lakini hakikumtaja mchongaji. Fundi ambaye kijijini kwake alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mkono wake, akawa hana jina.

Hapa nyumbani, Makumbusho ya Mfalme George wa Tano yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, chini ya serikali ya Kiingereza. Baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na miaka michache baadaye Kijiji cha Makumbusho kikaanzishwa nje kidogo ya Dar es Salaam ya wakati ule, zikajengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hii ilikuwa hatua kubwa. Badala ya kitu kimoja kilichotengwa katika kioo, mtazamaji aliona nyumba nzima, pahali pa kulala, pa kupikia na pa kuwekea nafaka. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kilosa anayetaka kuvitazama vitu vya mababu zake bado hulazimika kusafiri hadi mji mkuu wa biashara, au kuvitazama katika picha za vitabu vilivyochapwa Ulaya.

Kwa kuwa maonyesho makubwa ya sanaa hiyo yamefanyika mbali. Mwaka 1994 sanamu za Tanzania zilikusanywa katika onyesho kubwa mjini Berlin. Mwaka 2013 lilifanyika onyesho jingine New York, likapewa jina la Kiswahili, Shangaa. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa maovu ya ukoloni, na mwaka uliofuata, katika Jumba la Humboldt Forum mjini Berlin, likafunguliwa onyesho juu ya historia ya Tanzania lililoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu. Ni jambo la kushukuriwa kwamba sasa Mtanzania ni miongoni mwa wanaoandika maelezo, si wa kuelezwa tu.

Wapo wasemao kwamba kama vitu hivyo visingechukuliwa, mchwa wangevimaliza. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwani mti huoza. Lakini katika mila yetu hifadhi haikuwa katika mti. Ilikuwa katika mkono wa fundi na kinywa cha mwalimu wa mwari. Kinyago cha udongo kilivunjwa bila majonzi kwa sababu mwakani kingefinyangwa kingine. Makumbusho yamekilinda kitu, na hiyo ni kazi njema. Ujuzi wa kukifanya na kukisoma hauwezi kufungiwa katika kabati.

Tutazame na Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Jina lake latokana na mikumi, miti ya jamii ya mitende. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi, na wageni huja kutoka kila pembe ya dunia kutazama tembo, twiga na simba. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo huweza kuondoka akiwajua wanyama wa Mikumi kwa majina, asijue hata jina la kabila moja la watu wake.

Shule inaweza kuanza kulirekebisha jambo hili bila kungoja jengo. Meza moja darasani yatosha. Mwanafunzi alete kigoda, kinu, mkeka au kibuyu kutoka kwao, na kando yake aandike mambo manne: nani aliyekifanya, kwa mti au udongo gani, kilitumika wapi, na nani aliyeruhusu kionyeshwe. Mzee akisema kwamba kitu fulani si cha kutazamwa na kila mtu, kisiletwe; kukataa kwake nako ni sehemu ya somo. Jina la fundi litangulie yote. Hilo ndilo lililofutwa kule Berlin, na ndilo ambalo wajukuu wa fundi, wakiwa Kilosa au Mikumi, wanaweza kuliandika upya wakati wazee wanaolikumbuka wangali hai.