Kutoka Kipenzi cha Mfalme hadi Chaguo la Baraza: Uchaguzi wa Enganzi wa Ankole, 1955

Makala haya yanachunguza namna jina la cheo linavyoweza kudumu huku chanzo cha mamlaka yake kikibadilika. Katika Kinyankore, neno enganzi lina maana ya kipenzi: mtu aliyependelewa na Mugabe, mfalme wa Ankole, kuliko wengine. Nuwa Mbaguta alikuwa Enganzi wakati wa Mkataba wa Ankole wa 1901, na alikishika cheo hicho hadi miaka ya 1930. Chini ya Waingereza, kipenzi huyo aligeuka kuwa waziri mkuu aliyetegemea zaidi ridhaa ya serikali ya kikoloni.

Mwaka 1955, Kesi Nganwa alichaguliwa kuwa Enganzi na Eishengyero, baraza la ufalme lililokuwa na makao yake Mbarara. Alikuwa Mwiru wa kwanza kukishika cheo hicho. Ushindi wake ulitanguliwa na vuguvugu la Kumanyana, yaani "kujuana", lililowaunganisha Wairu wasomi, wengi wao Waprotestanti, dhidi ya ukiritimba wa Wahima katika uongozi. Hata hivyo, kura haikufuta mgawanyiko, bali iliupa sura mpya. Wairu Wakatoliki walijiona wameachwa nje ya mlango uliofunguliwa, na dini ikawa mhimili wa siasa za vyama: DP kwa Wakatoliki, UPC kwa Waprotestanti.

Marekani ilipitia mabadiliko yanayofanana na hayo. Baada ya 1776, majimbo kadhaa yaliendelea kutumia cheo cha gavana, ambacho hapo awali kilikuwa cha mteule wa mfalme wa Uingereza. Katiba ya Virginia ya 1776 iliagiza gavana achaguliwe na bunge kila mwaka. Wapiga kura wenyewe walipewa haki hiyo kwa katiba ya 1851. Ankole haikupata muda kama huo, kwani katiba ya Uganda ya 1967 ilifuta falme zote pamoja na vyeo vyake.

Somo hili lina uzito hadi leo. Katika makazi ya Nakivale, ndani ya eneo la ufalme huo wa zamani, wakimbizi huchagua viongozi wa mabaraza yao ya ustawi. Kwa washauri wa sera, kuwapo kwa kura hakutoshi kuwa kipimo cha uwakilishi. Inafaa pia kuchunguza ni kundi gani linalobaki nje baada ya kura kuhesabiwa, na mamlaka ya aliyechaguliwa yanatoka kwa nani.