Kanga: namna ya kumfuga nyumbani na kumwinda bila hatari

Pembeni ya Kamina, kuanzia mwezi wa sita, majani ya pori yanakauka na moshi unaonekana kila upande. Mioto mingine ni ya kusafisha mashamba. Mingine ni ya wawindaji wanaotafuta panya wa pori, kwale na kanga. Wanawasha upande mmoja, wanangojea na mbwa na fimbo upande mwingine. Nyama inapatikana siku hiyo, lakini mvua ikirudi mwezi wa kumi, wakati kanga anatafuta fasi ya kutaga, anakuta ardhi iko wazi, hakuna majani ya kufichia mayai. Na mara nyingi moto unavuka mpaka shamba la muhogo la jirani, hata nyumba ya majani.

Sheria ya Kongo juu ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano mwaka 1982, inakataza kuwinda kwa moto na kwa sumu. Inaomba pia kila mwindaji awe na permi. Kuna permi ya vijijini, na kuna permi ya pamoja ambayo inapita kwa shefu kwa ajili ya wakaaji wake. Ndani ya Parke ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939 na ambayo sehemu yake iko katika jimbo letu la Haut-Lomami, kuwinda ni marufuku kabisa, permi ao hapana. Tarehe za kufunga na kufungua uwindaji zinaulizwa kwa serevisi ya mazingira kabla ya kutoka, si kisha kukamatwa.

Njia ingine ni kufuga. Kanga wa nyumbani na kanga wa pori ni ndege wa aina moja, lakini usidanganyike kwamba utakamata mkubwa wa pori na kumfungia. Anajigonga kwa ukuta, anakataa kula, anakufa. Anza na mayai ya mtu ambaye anafuga tayari, uyaweke chini ya kuku wa kienyeji aliyeanza kulalia. Kuku mmoja anaweza kufunika mayai 12 mpaka 15. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: yai la kuku linaanguliwa siku ya 21, la kanga linaomba siku 26 mpaka 28. Mwenye haraka anaona wiki tatu zimepita, anafikiri mayai yameoza, anayatupa na vifaranga wako hai ndani. Tena usichanganye mayai ya kuku na ya kanga chini ya mama mmoja, maana vifaranga vya kuku vikitoka, yeye anasimama na kuacha mengine.

Kifaranga cha kanga kinaogopa unyevu kuliko kitu chochote. Umande wa asubuhi peke yake unaweza kuua wote. Wiki nne za kwanza wafungie fasi kavu na yenye joto, wasitoke mbele jua halijakausha majani. Maji yawe ndani ya sahani fupi yenye vijiwe, kwa sababu wanazama hata katika maji kidogo. Unga wa mahindi peke yake hautoshi: wanahitaji mchwa, samaki wadogo waliopondwa, na majani mabichi yaliyokatwa. Kideri kinawaua kama kuku, basi siku ya chanjo ya kuku, wachanje pamoja.

Wakiwa wakubwa, kazi inapungua. Wanajitafutia wadudu, na usiku wanapiga kelele mtu ao nyoka akiingia kiwanja, ingawa majirani hawatakushukuru kwa hiyo. Ila lazima wajue nyumbani ni wapi: wafungie zaidi ya mwezi, kisha uwape chakula kila jioni fasi ileile, la sivyo watalala juu ya miti na siku moja hawatarudi. Kujua jike na dume, sikiliza sauti. Jike analia kwa silabi mbili, dume anatoa moja tu. Dume mmoja anatosha kwa majike wanne ao watano. Jike anaanza kutaga akiwa na miezi sita mpaka minane, zaidi wakati wa mvua, na anaficha mayai. Ukiyakuta, bakisha machache, ukiondoa yote anahama.

Kwa mwenye bunduki ya kalibre 12 na permi yake, kanga anapigwa akiruka, si akikimbia ndani ya majani. Risasi ndogo za kartushi zinaweza kuumiza mtu kwa zaidi ya metre 200, na nyuma ya majani kunaweza kuwa mama anayechimba muhogo ao mtoto anayechunga mbuzi. Kanga mwenyewe usimpige mbali zaidi ya metre 30: unamjeruhi tu, anaenda kufia mbali. Usipige sauti ambayo hujaona mwenye kuitoa. Ukivuka mto ao mti ulioanguka, ondoa kartushi kwanza. Bunduki za pupu, zinazotengenezwa kwa bomba, zinaweza kupasukia usoni mwa mwenye kupiga.

Nyumbani, kata na utupe nyama yote iliyo pembeni ya tundu la risasi. Chembe za risasi ni za plombe, na plombe ni sumu, zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Hailewi moto: kuchemsha muda mrefu hakuiondoi.