Kiboko, Mpira na Meno ya Bandia

Watu wa Bura, Kenya, humjua kiboko kwa hasara anayoleta. Usiku anatoka Mto Tana, anaingia shambani, na mwenye mahindi anakesha akipiga debe. Wachache kati ya wanaomlaani wamewahi kusikia kwamba meno ya mnyama huyu yaliuzwa Ulaya na Marekani ili kuwatengenezea meno watu waliobaki vibogoyo.

Chonge la kiboko ni gumu kuliko pembe ya ndovu na halifanyi umanjano upesi. Ndiyo maana mafundi wa karne ya 18 walilipenda. Karne ya 19 meno hayo yalikuwa katika orodha ya bidhaa zilizotoka Zanzibar, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi.

Mteja maarufu kuliko wote alikuwa George Washington. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Daktari wake wa meno, John Greenwood wa New York, alimchongea meno ya taya la chini kwa jino la kiboko, akaacha tundu ili lile jino moja lipite. Hadithi kwamba rais huyo alivaa meno ya mbao haina ukweli. Meno ya mbao yalikuwa Japani, ambako yapo yaliyovaliwa na mtawa wa Kibudha aliyefariki mwaka 1538.

Mwishoni mwa 1798 Greenwood alimwandikia Washington akilalamika kwamba meno aliyorudishiwa kwa matengenezo yalikuwa meusi kwa sababu ya divai. Akamwelekeza ayatoe baada ya kula, ayatie kwenye maji safi, ayasugue kwa brashi na chaki iliyosagwa laini. Ukiondoa hiyo chaki, daktari wa leo angemwambia mgonjwa maneno yale yale.

Hata hivyo jino la kiboko lilikuwa na kasoro kubwa: lilioza kinywani na kunuka. Wenye fedha wakageukia meno ya binadamu, yakiwemo yaliyong'olewa kwa maiti za askari baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815. Wafaransa nao walikuwa wamekwisha kuanza kutengeneza meno ya kauri.

Kilichomfikishia mtu wa kawaida meno ya bandia ni mpira. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hukomaa, na miaka ya 1850 mafundi wakaanza kuufinyanga ukae sawasawa juu ya fizi. Mpira huo ulitoka Amazon na Kongo, na pwani yetu pia ilikuwa na mpira wake wa mwituni, utomvu wa mmea utambaao ambao wataalamu waliupa jina la John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Kampuni iliyoshika hataza ya meno hayo ya mpira iliwadai madaktari wa meno ada mpaka wakachoka. Siku ya Pasaka mwaka 1879, daktari mmoja wa San Francisco alimpiga risasi na kumuua Josiah Bacon, mweka hazina wa kampuni hiyo. Sijui biashara nyingine ya meno iliyofika kwenye damu namna hiyo.

Akriliki, plastiki ya waridi tunayoiona leo, iliingia mwaka 1937 na kuufukuza mpira kabisa. Fundi huipata ikiwa unga na kimiminika chake, akaichanganya na kuipika ndani ya chombo cha chuma. Kiboko alikuwa ameshaachwa zamani.

Kenya ilianza kufundisha madaktari wa meno Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974. Miaka michache baadaye, mwaka 1981, wakulima wa kwanza wa pamba walifika katika mradi wa umwagiliaji wa Bura. Waliokuwa vijana siku hizo sasa ni wazee, na pengo mdomoni si jambo geni kwao. Anayetaka meno huenda Hola au Garissa, na si safari ya mara moja: kuna kung'oa mizizi iliyobaki, kusubiri fizi zipone, kupimwa, kujaribisha, kisha kurudi kurekebishwa panapochubua. Anayekuahidi kumaliza yote kwa siku moja, akigandisha jino la plastiki kwenye meno mazima, anakutafutia maradhi ya fizi. Mwenye meno yake machache imara na uwezo wa fedha kiasi aulizie yenye kiunzi cha chuma cha kobalti. Ni membamba na hayavunjiki ovyo.

Maji ya Bura yana matope, basi ya kulowekea meno usiku yachemshwe, lakini yapoe kabisa kwanza, kwani maji moto huipinda akriliki. Meno yasuguliwe kwa sabuni juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike sakafuni. Nyuzi za maembe hujipenyeza chini yake, na mwenye kula miraa atajua kero hiyo kuliko mtu yeyote. Fizi zenyewe zipanguswe kwa kitambaa laini. Baada ya miaka kadhaa mfupa wa taya hupungua na meno huanza kucheza. Hapo daktari huongeza akriliki upande wa ndani, kazi ndogo kuliko kutengeneza mapya.